Boti ya Mwisho ya Fundi Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa gunia la pamba chafu, ile ya daraja la chini ambayo viwanda vya nguo havikuitaka, nikaambiwa nikae kwenye kigoda niichambue. Nilikuwa mke mpya, nimeteremka kutoka Mahenge kuolewa Ifakara, na nilidhani nimeitwa karakana kuwapikia mafundi. Baba mkwe wangu, ambaye kila mtu alimwita Fundi Mkuu, hata watoto wake wa kuwazaa, alisimama akanitazama kwa muda. Kisha akaniuliza kama nimewahi kusuka nywele. Nikamjibu ndiyo, baba.

"Basi na hii isuke," akasema. "Ila isuke hivi kwamba maji yakija yasipate njia."

Akaondoka zake. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya juma zima.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wa jumuiya yetu. Walinishangaza siku moja baada ya sala waliponiuliza kama ni kweli kulikuwa na karakana ya boti kando ya mto Kilombero. Mmoja alikuwa na hakika kwamba boti zote za hapa zililetwa kwa lori kutoka Dar es Salaam. Sikumlaumu. Mahali penyewe siku hizi pana mashine ya kukoboa mpunga, na pumba zimefunika kila kitu hadi ukingoni.

Fundi Mkuu jina lake alikuwa Kandidus. Alijifunza useremala kwa mabruda wa misheni huko juu, akitengeneza mabenchi ya kanisa na milango. Aliposhuka bondeni alikuta watu wanavuka kwa mitumbwi ya gogo moja, iliyochongwa kwa shoka na tezo. Mtumbwi wa gogo ni chombo kizuri, lakini ukubwa wake ni ukubwa wa mti, na miti minene ilikuwa imeshaanza kuwa mbali. Yeye akaanza kuunda boti za mbao. Alianza na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo unaolala chini kabisa, akasimamisha juu yake mataruma, yaani mbavu, kisha akazivika mbavu hizo mbao moja baada ya nyingine mpaka chombo kikapata tumbo. Boti ya namna hiyo ilibeba magunia ya mpunga, baiskeli, mbuzi, maharusi na jeneza, kutegemea siku.

Alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Oswald, alikuwa Msimamizi. Yeye alipokea wateja, alitafuta mbao, na alipiga kelele pale ambapo Fundi Mkuu hakupenda kupiga kelele. Mdogo, Gaudensi, ndiye mume wangu. Alikuwa fundi wa mbavu. Kukunja mbao ya taruma bila kuivunja ni kazi ya subira, unailoweka, unaipasha moto, unaipinda kidogo, unaiacha, unairudia. Gaudensi alikuwa mtu wa namna hiyo hata nyumbani. Sikumbuki aliwahi kunijibu jambo kabla hajalifikiria.

Mimi nikawa wa mianya. Hata mbao zikipigwa randa vizuri namna gani, kati ya moja na nyingine hubaki upenyo, na hapo ndipo maji huingilia. Kuziba upenyo huo ndiko kukalafati. Unasokota pamba iwe kamba nyembamba, unailoweka kwenye mafuta ya mawese, unaiingiza kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo ya mti, halafu unapaka lami juu yake. Ukiijaza kidogo, boti itavuja. Ukiijaza kupita kiasi, mbao ikivimba majini itasukuma jirani yake na misumari itang'oka. Mkono wenyewe hukuambia wapi pa kuachia. Fundi Mkuu alikuja, akapitisha kidole kwenye mwanya wote kuanzia mbele hadi nyuma, akafumba macho kama anayesikiliza. Akiridhika hakusema kitu. Asiporidhika alisema, "Mama, rudia," na nilirudia.

Baadaye, nilipokuwa nimeshampata binti yetu Beata, nilipelekwa ng'ambo, upande wa Ulanga, tulikokuwa na banda dogo la kurekebisha boti zilizokwama huko. Huo ndio ulikuwa kama uhamisho wangu wa kwanza. Nilikaa huko misimu kadhaa na mafundi wawili waliokuwa chini yangu, na mwanzoni hawakupenda kuongozwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Wateja nao waliingia, wakaniamkia, halafu wakaniuliza fundi yuko wapi. Niliwaambia wakae wasubiri, kisha nikaendelea kugonga. Baada ya muda waliacha kuuliza.

Miaka hiyo mto ulikuwa ndio mwenye kauli. Wakati wa masika bonde lote liligeuka ziwa, na kijiji kilichokuwa umbali wa kutembea kikawa safari ya nusu siku kwa boti. Serikali ilikuwa na kivuko, pantoni ya chuma iliyobeba magari, na Mkuu wa Kivuko alikuwa mtu tuliyemheshimu sana. Lakini chuma nacho huchoka. Kila kivuko kilipoharibika alikuja mwenyewe karakana, amevaa kofia yake, akamwamkia Fundi Mkuu ingawa hawakupishana sana kwa umri.

"Fundi Mkuu, watu wamejazana kingo zote mbili," alisema siku moja, nilipokuwa nimerudi Ifakara kwa muda. "Kuna mama mjamzito kwenye lile lori. Nipe chombo chochote kinachoelea."

Fundi Mkuu hakumwuliza nani atalipa. Alimwambia Gaudensi ashue boti iliyokuwa tayari, boti ya mteja, bado hata rangi haijakauka. Kushua ni kukiteremsha chombo majini mara ya kwanza, jambo ambalo kwetu lilifanywa asubuhi, kwa sala na kwa utulivu. Siku ile tulishua tukikimbia. Yule mama alivuka akajifungua salama hospitalini. Wapo wengine ambao hawakuvuka, mto uliwachukua, na wenyeji wa umri wangu wanawajua kwa majina. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani mimi ni adui wa daraja.

Nilirudishwa Ifakara moja kwa moja mama mkwe alipofariki, nikawekwa juu ya kazi yote ya mianya na pia banda la mbao. Banda hilo ndilo lilikuwa moyo wa karakana. Mbao mbichi haijengi boti. Inapangwa kivulini, kati ya kila mbao na mwenzake unaweka kijiti ili upepo upite, na inaachwa mpaka maji yake yote yatoke. Mninga mzuri tuliuacha hata miaka kadhaa. Fundi Mkuu alipita bandani kila asubuhi, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza mlio. Alizijua kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Kulikuwa na rundo moja la mninga, pana, refu, halina fundo hata moja, alilokuwa amelikataza lisiguswe. Alisema hilo ni la wanawe, siku yeye atakapokuwa hayupo.

Mambo yalianza kuharibika polepole, na kwa muda mrefu hatukuyaita kuharibika. Kwanza mbao. Bwana Misitu wa wakati huo hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye benchi letu, akanywa chai, akaeleza kwamba misitu imekwisha na kwamba vibali vya mninga havitatoka tena kama zamani. Tuliyaona wenyewe magogo yakipita barabarani usiku na mchana bila mtu kuyauliza, lakini si yeye aliyekuwa akiyapitisha, na hatukuwa na la kumwambia. Oswald akaanza kununua mbao za miti ya kupandwa, nyepesi, zenye maji mengi. Boti za mbao hizo ziliishi misimu michache zikaoza.

Kisha mto wenyewe. Wenye umri wangu waliuona ukipungua. Mashamba yalisogea mpaka kingoni, mifugo ikashuka kunywa kwa makundi, udongo ukaporomoka, na kiangazi boti zikawa zinakwama mahali ambapo zamani mti mrefu wa kusukumia haukugusa chini. Wavuvi waliokuwa wakituletea kazi kila mwaka walianza kuja kutuomba kazi. Mmoja wao, mtu mzima aliyekuwa na boti nne tulizomjengea sisi, alitujia kuuliza kama tunahitaji mlinzi.

Halafu likaja daraja.

Lilijengwa mbele ya macho yetu, nguzo baada ya nguzo, na mafundi wake walikuja kununua chai kwa mama ntilie wa jirani yetu. Gaudensi alizoea kukaa kingoni jioni akiangalia. Alisema ni kazi safi. Siku lilipofunguliwa tulikwenda wote, tukalivuka kwa miguu na umati, tukapiga vigelegele kama wengine, na mimi nilipiga vigelegele vya kweli, kwa sababu nilimkumbuka yule mama wa kwenye lori na wenzake. Tukarudi karakana. Siku iliyofuata hakuja mteja. Wala iliyofuata hiyo. Kivuko kilifungwa kamba pembeni, na Mkuu wa Kivuko akapita kutuaga, kwa kuwa alikuwa amehamishwa. Alishikana mikono na Fundi Mkuu kwa muda mrefu.

Tulidhani mzee angesema karakana ifungwe. Badala yake alituita sote watatu, akatuweka mbele ya lile rundo la mninga.

"Anzeni mkuku," alisema. "Mrefu kuliko wowote tuliowahi kulaza hapa."

Oswald akauliza boti ni ya nani.

"Ya watu."

"Baba, watu gani? Watu wako darajani."

Fundi Mkuu akamweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi. Daraja lenyewe halitaanguka, alisema, limejengwa na watu wanaojua. Lakini daraja lina mwisho pande zote mbili, na pale linapoishia panaanza barabara, na barabara imelala chini bondeni. Ipo masika itakayokuja kufunika bonde lote kama zile alizoziona akiwa kijana. Siku hiyo watu watatafuta boti na haitakuwepo hata moja, kwa sababu wote watakuwa wameshasahau kuziunda. Yeye hataki kufa akiwa ameacha jambo hilo hivyo.

Oswald alisema mbao zile zikiuzwa kwa watengeneza vitanda, familia zote mbili zitapata mtaji wa kuanzia kazi nyingine. Alisema watoto wake wanasoma. Hakusema kwa jeuri, alikuwa karibu kulia. Wote tukamgeukia Gaudensi, naye akapitisha kiganja juu ya mbao ya juu kabisa ya rundo.

"Baba akisema tujenge," alisema mwishowe, "tutajenga."

Tulijenga. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, wala sijawahi kufanya kazi yenye huzuni kama ile. Oswald, aliyekuwa amekataa, alipasua mbao kwa usahihi kuliko wakati wowote. Gaudensi alikunja mataruma ambayo ukiyatazama kutoka nyuma yalijipanga sawasawa kama meno. Mimi nilikalafati peke yangu, maana wasaidizi wote walikuwa wameshaondoka kwenda kufanya vibarua kwenye miwa. Fundi Mkuu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumtupa, aliketi kwenye kiti akipitisha kidole kwenye mianya. Sikuambiwa kurudia hata mara moja. Boti ilipokwisha ilisimama juu ya magogo yake, tumbo lake jekundu la mninga, na watu waliokuwa wakipita kwa pikipiki walipunguza mwendo kuitazama. Wengine walipiga picha. Hakuna aliyeuliza bei.

Masika ya kwanza ikaja, ya kawaida. Ya pili ikaja hafifu. Boti ikaendelea kusimama. Chombo cha mbao kinaishi kwa maji. Kikikaa juani mbao hunywea, mianya hufunguka, na pamba hukauka ikawa kama majani makavu. Kila kiangazi niliizunguka nikiirudishia mafuta, kwa mafuta ambayo nyumbani yangeliwa. Gaudensi alikuwa akifyatua matofali Kiberege siku tano, anarudi Jumamosi. Oswald alikuwa amemnunulia mkewe cherehani, na yeye ameanza kutengeneza milango. Mzee akaanguka bafuni, akapooza upande mmoja, akalazwa, akarudi nyumbani, akawa wa kitandani.

Ndipo Oswald alipouza boti. Hakutuficha. Alikuja, akakaa, akasema baba anahitaji dawa na hakuna mahali pengine pa kuzipata, kama tunapajua tumwonyeshe. Hatukupajua. Mnunuzi alitaka mbao, si boti, na alitaka mbao safi, kwa hiyo kazi ya kutoa pamba kwenye mianya ikawa yangu. Nilikaa chini ya chombo kile na ndoano ya waya, nikaivuta pamba niliyoishindilia mwenyewe, kamba baada ya kamba. Ilitoka ngumu. Nilikuwa nimeijaza vizuri.

Nyumba ya mzee ilikuwa nyuma ya karakana. Misumeno ilipoanza alisikia, akamwita Gaudensi. Nilikuwepo, nilikuwa namlisha uji.

"Mnapasua nini?"

Gaudensi akanitazama. Kisha akasema, "Tumepata kazi, baba. Boti nyingine."

"Ya nani?"

"Ya watu wa ng'ambo."

Mzee akatabasamu kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado wake. Akasema tuhakikishe mbao zimekauka. Gaudensi akatoka nje, na nilipomfuata nilimkuta ameshika ukuta kwa mikono yote miwili. Mimi pia ningesema vilevile.

Mafuriko yalikuja msimu uliofuata, na hayakutoka mto mkubwa. Hapo ndipo sote tulipokosea, hata mzee. Mvua ilinyesha kwenye milima ya Udzungwa siku mfululizo, na mto Lumemo, ambao kiangazi mtoto anauvuka bila kukunja suruali, ulishuka kwa kishindo ukaingia mjini kutoka nyuma. Alfajiri ya Jumapili Mwenyekiti wa mtaa mmoja wa kata ya Lumemo alifika kwetu, ameloa hadi kifuani. Alisema kuna watu juu ya mapaa, nyumba za udongo zinayeyuka chini yao, na waliojaribu kuogelea na madumu wamesombwa. Aliikumbuka boti kubwa. Alikuwa mmoja wa wale waliopunguza mwendo kuitazama.

Sauti yake ilikuwa kubwa, na kuta zetu nyembamba. Kutoka chumbani mzee akaita. Gaudensi akaingia, mimi nikabaki mlangoni.

"Si niliwaambia," mzee akasema, bila majivuno, kama mtu anayekumbusha. "Ishusheni. Mtaihitaji kamba ndefu. Mbele ukae wewe, Oswald nyuma."

"Sawa, baba," Gaudensi akasema.

Kilichobaki karakana kilikuwa kiboti kimoja kidogo, cha mteja ambaye hakurudi kukichukua, kilichokuwa kimelala ubavu kwenye vumbi tangu kabla ya daraja. Tulikipakia kwenye tela la pawatila, lile trekta dogo la mashamba ya mpunga, tukaenda nacho mpaka maji yalipoanzia, karibu na kanisa dogo la mtaa. Njiani nilipitisha kidole kwenye mianya yake. Kidole kilipita hadi upande wa pili. Pamba ilikuwa imekwisha kabisa.

Nilianza kuziba hapohapo ndani ya tela, kwa kilichokuwepo, nikachana kitenge changu na shuka tuliyokuja nayo, nikapaka mafuta ya kupikia ambayo mama mmoja alinipa. Nilipomaliza upande mmoja Gaudensi alikuwa ameshaingia majini akikivuta. Kutoka kwenye paa lililokuwa karibu kulikuwa na mwanamke anaita, hapigi kelele, anaita tu kwa jina la Mungu, tena na tena.

"Ngoja nimalize upande wa pili," nikamwambia.

"Wewe andaa vitambaa," akasema. "Nikirudi utaendelea."

Akaenda na akarudi, na yule mwanamke na watoto wake, maji yakiwa yameshawafika kwenye vifundo vya miguu ndani ya boti. Watu wakayachota kwa ndoo, nami nikaziba kadiri nilivyoweza wakati wanateremka. Akaenda tena, akarudi na mzee mmoja na mkewe. Nikaziba tena. Mbao kavu ikipata maji huvimba na kujifunga yenyewe, lakini huhitaji siku, na sisi hatukuwa na siku. Nilimwambia hivyo. Alijua, ndiye aliyenifundisha nusu ya hayo. Alinishika bega, mkono wake wa baridi sana, akaangalia ng'ambo ya maji ambako bado kulikuwa na watu, akasukuma.

Wakati wa kurudi kiboti kilifunguka katikati ya maji, mahali penye mkondo wa kasi. Nilikiona kikishuka bila haraka, nyuma kwanza. Ndani alikuwemo kijana mmoja ambaye Gaudensi alikuwa amemchukua kutoka paani, naye aliokolewa akiwa ameshika mti wa mnazi. Gaudensi walimpata maji yalipopungua, kwenye jaruba la mpunga, mbali na mahali pale. Oswald ndiye aliyemtambua. Mimi hawakuniruhusu nimwone kabla hajavishwa.

Ilibidi mzee aambiwe. Oswald hakuweza, kwa hiyo nilikwenda mimi, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia Gaudensi hayupo. Halafu akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelitarajia na kuliogopa.

"Alichukua ipi?"

"Ile ndogo, baba. Kubwa haipo. Iliuzwa."

Aliufumba ule mkono wake uliokuwa mzima, akaufumbua.

"Mngeniambia," akasema. "Nisingemtuma."

Hakusema jambo jingine la maana baada ya hapo. Alikataa dawa, zilezile ambazo boti ilizinunua, na kabla mpunga haujavunwa tukamzika kando ya mwanawe. Karakana ikakodishwa kwa mwenye mashine ya kukoboa. Oswald alihamia Kiberege, anatengeneza milango na majeneza, na tukikutana tunaongea habari za watoto. Hatujawahi kuizungumzia ile boti. Simchukii. Nimejaribu kumchukia na nimeshindwa, kwa sababu kila nikirudi nyuma kutafuta ni wapi mtu alifanya ubaya, sioni ubaya, naona watu wanaojaribu kutunzana tu.

Mnaniuliza nini nimejifunza kutokana na kazi hiyo, kama ilivyo desturi kuwauliza wastaafu. Ningependa kuwapa jambo la kushika. Najua kusokota pamba. Najua mbao iliyokauka inavyolia ukiigonga. Chuo cha ufundi cha hapa walinialika mwaka jana kuzungumza na wanafunzi, na mwalimu wao, kijana mwenye adabu, aliniletea kiti na soda. Wanafunzi walikuwa wakijifunza madirisha ya alumini. Walinisikiliza vizuri. Mwishoni binti mmoja akauliza, kwa nia njema kabisa, ujuzi huo kwa sasa unatumika wapi. Nilifikiri sana. Nilitaka nimpe jibu la kweli, na jibu la kweli lilikuwa kwamba hautumiki popote, nami nikampa hilo. Wakanipigia makofi.

Siku hizi naishi kwa Beata, Kisawasawa, chini ya milima ileile ambako yale maji yalitoka. Ananitunza vizuri. Mikono haiwezi tena kufunga hata kanga sawasawa, lami na mafuta ya miaka yote vimekaa kwenye mistari ya viganja na daktari anasema havitatoka.

Mwezi uliopita nilikwenda Mahenge kumzika dada yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka tangu Gaudensi afariki. Nilijiandaa. Nilikata tiketi ya basi, kiti cha dirishani, nikajiambia tukifika mtoni nitaangalia chini, nitalitafuta lile banda letu la ng'ambo, nitasali kidogo kwa ajili yake na kwa ajili ya mzee. Tulipokaribia, kondakta alisimama karibu nami akaniuliza ninashukia wapi. Nikamjibu, akaniuliza tena kwa kuwa hakunisikia, nikamrudia na kumwonyesha tiketi yangu. Alikuwa mtoto mzuri, aliniita bibi. Nilipogeuka dirishani niliona migomba na nyumba za bati. Nikamwuliza yule aliyekaa pembeni yangu mto uko wapi.

"Tumeshavuka, mama," akasema.